Kuzuru Hekalu Kuu la Ise, Japani: maswali ninayoulizwa kila mara

Naishi Nagoya, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni kutoka Ise, na kila ndugu au rafiki anayekuja kunitembelea kutoka nyumbani huishia kuniambia nimpeleke. Wengine hawajafika bado, wanauliza kwa simu tu. Majibu nimeyarudia mara nyingi, nimeona niyaandike mara moja yakae hapa.

Ise ni wapi, na hekalu hilo lina nini?

Ise ni mji katika mkoa wa Mie, kusini mwa Nagoya. Hapo ndipo lilipo hekalu linaloheshimiwa kuliko yote katika Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Jina lake rasmi ni Jingu, basi, halina nyongeza. Watu wa kawaida huliita O-Ise-san, kama unavyomwita bibi yako kwa jina la mapenzi.

Si jengo moja. Ni mahekalu 125, makubwa kwa madogo, yaliyotawanyika mjini, mashambani na msituni. Mawili ndiyo mama wa mengine. Naiku, la ndani, ni la Amaterasu Omikami, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa kifalme unamhesabu kuwa bibi yao wa mwanzo. Geku, la nje, ni la Toyouke Omikami, anayesimamia chakula, mavazi na makazi. Masimulizi ya jadi yanaipa Naiku miaka 2000 na Geku miaka 1500.

Kwa nini niende Ise badala ya Kyoto?

Nenda kote ukiweza. Ila ujue tofauti: Kyoto macho yako yatapata kazi, kuna rangi nyekundu, dhahabu, bustani. Ise utaona mbao zisizopakwa rangi, kokoto na miti mikubwa. Anayekwenda Ise kutafuta picha hurudi analalamika. Anayekwenda akijua watu wa pale wanafanya nini kila siku, na wamefanya hivyo tangu lini, hataki kuondoka. Ndiyo maana nimeandika yote haya.

Kami ni nani? Ndiye Mungu?

Siye, kama unamaanisha Mungu Mmoja Muumba wa mbingu na nchi. Kami anaweza kuwa nguvu ya jua, mlima, mto, mti wa kale, au mtu wa zamani aliyetukuzwa. Shinto haina mwanzilishi wala kitabu kimoja kinachosema amini hivi na hivi. Ina matambiko, usafi na misimu ya kilimo. Msomaji wa pwani ya Kenya anayezijua kaya za Wamijikenda, zile misitu mitakatifu ambayo huingii kwa viatu vya dharau wala kukata kijiti, ataelewa hisia ya mahali hapa haraka kuliko Mzungu mwenye vitabu kumi.

Na mtu asikuchanganye: Kiswahili tunasema hekalu kwa yote, lakini Wajapani wana jinja, la Shinto, na tera, la Wabudha. Ukiona lango la torii, nguzo mbili na boriti mbili juu, uko kwenye jinja.

Ni kweli wanalibomoa na kulijenga upya kila miaka 20?

Kweli kabisa, na hili ndilo jambo lenyewe. Desturi inaitwa Shikinen Sengu. Iliwekwa na Mfalme Tenmu, na mara ya kwanza ilitekelezwa mwaka 690, enzi ya Malkia Jito. Ya 62 ilifanyika Oktoba 2013. Ya 63 itakuwa mwaka 2033.

Kando ya kila hekalu kubwa kuna kiwanja kingine cha ukubwa uleule, kitupu, kimetandazwa mawe. Humo hujengwa nyumba mpya kwa vipimo vilevile, kwa mtindo uleule wa ghala la nafaka la kale: sakafu iliyoinuliwa, paa la nyasi, nguzo za mti wa hinoki zilizofukiwa moja kwa moja ardhini bila msingi wa jiwe. Ikiisha, kioo kitakatifu cha Amaterasu huhamishwa usiku. Taa zinazimwa. Kuhani mmoja huiga jogoo, anawika mara tatu, na msafara unatoka gizani, kioo kimezungukwa na pazia la hariri nyeupe ili jicho la mtu lisikione. Kesho yake miaka 20 mingine imeanza. Nyumba ya zamani baadaye inabomolewa.

Na si nyumba peke yake. Vitu vya ndani navyo hutengenezwa upya: panga, pinde, nguo, vyombo vya kufumia, aina 714, jumla vipande 1,576. Kila kimoja kina fundi wake.

Kwa nini 20? Wengine hutaja uchakavu, maana nguzo iliyofukiwa huoza na nyasi huchoka. Mimi nashikilia sababu ya ufundi. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaingia kama mshika nyundo, safari ya pili ana arobaini na kitu na ndiye anayeongoza kazi, safari ya tatu ni mzee wa kusimamia na kusahihisha. Mikono mitatu ya vizazi inakutana kwenye boriti moja. Ukipitisha miaka 60 bila kujenga, wa kumfundisha kijana ameshazikwa.

Imewahi kukatika. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 na 16 ilisimama kwa zaidi ya miaka 100. Na ile iliyopaswa kufanyika 1949, baada ya Japani kushindwa vitani, ilisogezwa hadi 1953.

Basi jengo ni la juzi tu. Ukale uko wapi?

Swali hili naulizwa na kila mgeni, kwa kawaida tukiwa tumesimama palepale mbele ya ua. Huwa namjibu kwa nyumba ya makuti. Pwani tunaezua na kuezeka kila baada ya miaka kadhaa, boriti iliyoliwa na mchwa inatolewa inawekwa nyingine, udongo unakandikwa upya. Hakuna anayesema nyumba ya babu si ya babu tena kwa sababu makuti ni mapya. Ise wamelifuata wazo hilohilo mpaka mwisho wake.

Nyasi za paa lile, kwa Kijapani, zinaitwa kaya. Ni sadfa tu ya lugha mbili, lakini mara ya kwanza kuambiwa nilisimama nikacheka kwa furaha.

Mbao za zamani wanazichoma?

Hazichomwi. Nyingine hugawiwa mahekalu mengine nchini, yanayojengwa au kukarabatiwa. Zenye safari ninayoipenda zaidi ni nguzo kubwa zinazobeba mwamba wa paa, mbili za Naiku na mbili za Geku. Zikishatumika miaka 20 hekaluni, zinachongwa upya na kuwa torii za kichwani na mkiani mwa daraja la Uji, la kuingilia Naiku. Zinasimama hapo miaka 20 mingine, watu wanapita chini yake kwa mamilioni. Kisha torii hizo zinahamishwa tena: moja Kuwana, kwenye kivuko cha zamani cha mahujaji, nyingine Seki, kwenye njia panda ya barabara kuu ya kale. Kwa hiyo mti mmoja unatumika miaka 60 mahali patatu. Ukigusa nguzo ya torii pale darajani, umegusa uti wa hekalu lililopita.

Miti inatoka wapi? Haiishi?

Kwa karne nyingi imetoka milima ya Kiso, mbali kidogo, kwa sababu msitu wa karibu ulikatwa ukaisha. Mwaka 1923 wakaanza mpango wa miaka 200 wa kupanda hinoki kwenye msitu wao wenyewe wa hekta zipatazo 5,500. Aliyepanda alijua hataiona ikikatwa, wala mjukuu wake. Mwaka 2013, kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 700, sehemu ya mbao ilitoka tena kwenye msitu wa hekalu.

Nianze wapi?

Geku kwanza, kisha Naiku. Ndivyo desturi, na matambiko yenyewe hufuata mpangilio huo. Geku ni dakika tano kwa miguu kutoka stesheni ya Iseshi. Kutoka hapo hadi Naiku kuna basi, ni kama kilomita 6. Tenga nusu siku kwa uchache. Wageni wengi hukimbilia Naiku peke yake na kuondoka, nao naona wamekula mchuzi wakaacha wali.

Jambo dogo linalowapendeza wenyeji ukilijua: Geku watu hutembea upande wa kushoto wa njia, Naiku upande wa kulia. Katikati humwachia kami apite.

Kiingilio ni kiasi gani, na wanafungua lini?

Hakuna kiingilio. Milango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima. Kufunga hubadilika kwa msimu: saa kumi na moja jioni kuanzia Oktoba hadi Desemba, saa moja usiku kuanzia Mei hadi Agosti, na miezi iliyobaki saa kumi na mbili jioni.

Nenda alfajiri. Nakusihi. Saa nne asubuhi mabasi ya watalii yameshafika na unachosikia ni viatu vya watu wengine. Alfajiri unasikia mto Isuzu, na kokoto chini ya miguu yako mwenyewe. Januari yote ni msongamano, maana Wajapani huja kuufungua mwaka, na hata waziri mkuu huenda. Karibu na siku fupi kuliko zote mwezi Desemba, jua huchomoza katikati ya torii ya daraja la Uji, na watu hukusanyika kwenye baridi kungoja.

Kunawa kunafanywaje?

Kabla ya kuingia ndani utakuta birika la mawe na kata za kuchotea, mpini mrefu, zinakumbusha kata ya mtungini kwa bibi. Shika kwa mkono wa kulia, chota, mwagia mkono wa kushoto. Badilisha, nawa wa kulia. Rudisha kata kulia, mimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, tema chini pembeni, si ndani ya birika. Usiweke mdomo kwenye kata. Nawa tena kushoto. Mwisho isimamishe kata wima ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini na kumsafishia anayefuata. Yote hayo kwa chota moja, kwa hiyo usiyamwage yote mwanzoni.

Naiku kuna njia nyingine iliyo nzuri zaidi: kushuka ngazi za mawe hadi ukingoni mwa Isuzu na kunawa mtoni, kama walivyofanya mahujaji wa kale. Maji ni meupe unaona kila jiwe, na baridi yake hata Agosti inafika mfupani.

Mbele ya hekalu nafanya nini?

Inama mara mbili, kwa kina. Piga makofi mawili. Tulia. Inama tena mara moja. Si kusujudu, ni kuinama ukiwa umesimama.

Kuna adabu ya Ise peke yake: mbele ya hekalu kuu lenyewe watu huenda kushukuru. Maombi yako binafsi, kazi, mtoto, mtihani, unayapeleka Aramatsuri-no-miya, nyuma kidogo ya Naiku, au Taka-no-miya kule Geku, juu ya ngazi 98. Zamani ni mfalme pekee aliyeruhusiwa kutoa sadaka pale, na ndiyo sababu hadi leo hekalu kuu halina sanduku la sadaka. Utaona kitambaa cheupe kimetandikwa na sarafu juu yake, kwa kuwa watu hawakuacha kutupa.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Naweza kuingia?

Unaweza, hakuna atakayekuuliza dini yako. Kuinama na kupiga makofi ni ibada yao, halazimishwi mtu. Nimekwenda na shangazi yangu, hajati, akasimama pembeni chini ya mti, mikono ameikunja mbele, kimya, mpaka tulipomaliza. Mlinzi alimpita akamwinamia kichwa kwa heshima. Kinachoumiza watu pale ni kelele, kula ukitembea na kukata foleni. Kusimama tu hakumuudhi yeyote.

Mbona nimefika na sikuona chochote?

Kwa sababu hekalu kuu limezungukwa na safu nne za ua wa mbao, na wewe unaishia kwenye lango la nje, ambalo lina pazia jeupe. Ndani wanaingia makuhani na watu wa ukoo wa kifalme, pamoja na waliopata ruhusa maalumu, wakiwa wamevaa suti au vazi rasmi, na hata hao hawafiki mwisho. Juu ya ua utaona ncha za paa. Ukitaka kujua uko wapi, hesabu magogo yaliyolala juu ya mwamba wa paa: Naiku ni 10, Geku 9.

Simama hapo, usiondoke haraka. Mara nyingine upepo unalipuliza pazia, linainuka taratibu hadi karibu na kifua cha mtu, unaona kokoto nyeupe za ndani na lango lingine, kisha linarudi. Umati wote huvuta pumzi kwa pamoja. Nimeona watu wazima wakitokwa machozi.

Picha ninaruhusiwa?

Njiani na darajani, piga. Naiku, mwisho wako ni chini ya ngazi za mawe za hekalu kuu. Ukishapanda ngazi, simu mfukoni.

Makuhani hufanya nini siku nzima?

Hulisha. Kila siku, asubuhi na jioni, chakula cha kami hutayarishwa Geku, na wanasema hakijakosekana kwa miaka 1500. Kuhani anapekecha moto kwa kijiti na ubao, siku zote, hakuna kiberiti. Maji yanatoka kwenye kisima cha hekalu. Mchele wanaulima kwenye mashamba yao, chumvi wanaichemsha wenyewe Futami, ufukweni. Anaandaliwa wali, chumvi, maji, samaki, mwani, mboga, matunda na sake, pombe ya mchele. Toyouke aliletwa Ise, kwa mujibu wa masimulizi, ili Amaterasu asile peke yake.

Sikukuu kubwa ya mwaka ni Kannamesai, Oktoba, mavuno mapya yanapotolewa. Masuke ya mpunga utayaona yametundikwa kwenye ua.

Wanawake wana nafasi?

Wanayo, na kubwa. Kwa karne nyingi binti wa kifalme asiyeolewa alitumwa Ise kumtumikia Amaterasu kwa niaba ya mfalme, desturi iliyokoma karne ya 14. Leo anayeongoza matambiko makuu ni Sayako Kuroda, binti wa Mfalme mstaafu Akihito, tangu 2017.

Nimefiwa. Niende?

Wenyeji waliofiwa na mtu wa karibu hujizuia, kwa kawaida siku 50. Si laana, ni kujiweka kando wakati wa msiba, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Kama safari imeshalipiwa, tembea mjini, fika darajani, uamue mwenyewe.

Ni kweli zamani mbwa walikwenda kuhiji?

Kweli. Katika zama za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, kulikuwa na miaka ambayo watu walifurika Ise kwa wimbi moja. Mwaka 1830 wanakadiriwa kuzidi milioni 4 ndani ya miezi michache. Watumishi na vijana walitoroka bila kuaga, na wengi walihurumiwa na kulishwa njiani. Mgonjwa aliyeshindwa kwenda aliweza kumtuma mbwa wake, amefungiwa shingoni pesa kidogo na maandishi ya anakokwenda. Wasafiri walimchukua, wakamlisha, wakamrudisha na hati ya hekalu. Michoro ya wakati ule inamwonyesha. Siku hizi utamkuta kama kidoli madukani, ila mbwa wako wa kweli huingii naye, unamwacha kwa walinzi wa mlangoni.

Nile nini?

Nje ya Naiku kuna mtaa wa maduka uitwao Oharaimachi, kama mita 800. Kuna udon ya Ise, tambi nene laini kuliko za kawaida, mchuzi mweusi na kidogo tu. Mahujaji walifika wamechoka, tumbo lilitaka kitu chepesi. Kuna Akafuku, kitumbua cha mchele kilichofunikwa maharage matamu, kinauzwa tangu 1707, na alama za vidole juu yake ni mawimbi ya Isuzu. Wasiotumia pombe waulize kuhusu mchuzi wa udon, maana mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni kilevi cha kupikia. Akafuku ni mchele, maharage mekundu na sukari.

Nitapata karatasi ya bahati?

Ise hakuna. Wala simba wa mawe mlangoni, wala kengele ya kuvuta, vitu ambavyo utaviona karibu kila jinja nyingine. Siku yoyote unayofika Ise ni njema tayari, ndivyo wanavyosema.

Nikija kabla ya 2033 nitaona maandalizi?

Utaona. Tambiko la kwanza lilifanyika Mei 2025, na miti ya kwanza ikakatwa Kiso mwezi uliofuata. Wenyeji wa Ise huvuta magogo kwa kamba barabarani na mtoni, mitaa yote imevaa sare, watoto kwa wazee, wanaimba. Ikikaribia siku yenyewe, hubeba mawe meupe kutoka mtoni, wameyafunga kwenye leso nyeupe, na kuyapanga kwa mikono kuizunguka nyumba mpya. Hiyo ndiyo nafasi pekee kwa raia kufika karibu kabisa na nyumba yenyewe. Baada ya siku hizo lango linafungwa kwao kwa miaka 20.

Mama yangu ana miguu mibovu. Ataweza?

Ataweza sehemu kubwa. Njia ni za kokoto, zinachosha, lakini viti vya magurudumu vya kuazima vipo Geku na Naiku, bila malipo. Kikwazo ni ngazi: za hekalu kuu la Naiku na za kushukia mtoni. Wengi huinama kutoka chini ya ngazi, inatosha. Mama yangu tulimwacha kwenye kiti pale juu ya ukingo, mimi nikashuka nikamchotea maji ya Isuzu kwa viganja, nikapanda nayo mbio yakinivuja. Yalifika kama matone matano. Akayapaka usoni, akaniambia nirudi nimletee mengine.